Nywila ya Watu Wawili

Wiki iliyopita tulimwacha Sista mlangoni kwa mume waliyeachana naye, kompyuta kwapani, na mlango umefunguliwa na mwanamke aliyejifunga taulo kichwani, mkononi kashika shati la huyo mume.

Najua mlichowaza. Mmeshinda wiki nzima mnakiwaza hicho hicho, na wengine mmeshamhukumu mwanaume wa watu bila kumsikiliza. Poleni. Mwanamke yule alikuwa dada yake, na shati alikuwa analipiga pasi.

"Wifi," alisema Sista.

"Wifi," alijibu yule mwanamke bila kusogea mlangoni. "Umepotea njia?"

"Sijapotea."

"Basi eleza kilichokuleta, kwa kifupi, na usirudie rudie."

Wifi alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, ila mahakama ilikataa kumtoka mwilini. Ndoa ya mdogo wake ilipovunjika, alihamia hapa na begi moja, eti kwa muda, amfulie na kumpikia mpaka akae sawa. Mdogo mtu alikaa sawa zamani. Wifi bado yupo, na begi limeshapata kabati.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukaa nasi, msomaji, chukua haya upesi. Sista ni muuguzi wa chanjo kwenye kituo cha afya. Jokofu la chanjo liliharibika, chanjo zikaharibika nalo, na watoto wakadungwa dawa isiyo na nguvu. Sasa wanatafutwa mmoja mmoja wadungwe upya, wazazi wamewaka moto, na uongozi unataka mtu wa kumtoa kafara. Fundi Mkuu wa mitambo anaapa hakuwahi kuambiwa kitu. Sista anaapa alimwambia, tena kwa ujumbe wa sauti kwenye simu, maana muuguzi mwenye glavu mikononi na foleni mlangoni hana nafasi ya kuandika. Na Fundi Mkuu alimjibu kwa sauti vile vile.

Simu yenye sauti hizo ilitumbukia kwenye ndoo ya dawa ya kusafishia sakafu, ikafa papo hapo. Kilichobaki ni nakala iliyokuwa ikijihifadhi yenyewe kwenye kompyuta ya nyumbani, kila alipoichomeka simu kuichaji. Nakala hiyo imefungwa kwa nywila. Nusu ya nywila iko kichwani mwa Sista. Nusu nyingine iko kichwani mwa mwanaume anayekoroma humu ndani. Kikao cha nidhamu ni kesho asubuhi, na akishindwa pale, kazi imeota mbawa na leseni ya uuguzi nayo inafuata.

"Nimemfuata Hamira," alisema Sista.

"Amelala. Mtu kaoka mikate usiku kucha, unataka aamke aje kufanya nini?"

"Kuandika neno moja tu."

"Neno gani?"

"Ningelijua, wifi, ningekuja kwenu?"

Wifi alimtazama kuanzia viatu vya kazi vilivyolika visigino mpaka macho yaliyovimba. Akashusha pumzi, akasogea. Hakumkaribisha, lakini alisogea, na kwa Wifi hiyo ni sawa na kutandika zulia.

Sista aliketi kwenye kochi lile lile alilolichagua mwenyewe dukani enzi zile, akaweka kompyuta mezani, akachomeka waya uliozungushiwa plasta ya hospitali. Miguu ilimwaka moto. Alikuwa amesimama tangu asubuhi akiwadunga upya watoto wa watu huku mama zao wakimtazama kama mwizi aliyerudisha alichoiba. Alijisikia kulia, akaona hata kulia kunataka nguvu.

Pembeni ya kompyuta aliweka simu nyingine, mtumba wa aina ile ile, aliyouziwa na fundi simu. Laini yake alikuwa ameshaiweka humo. Ilikuwa tupu, inasubiri kujazwa.

"Hivi kwa nini usibadilishe tu hiyo paswedi?" aliuliza Wifi, amerudi kwenye pasi yake. "Siku hizi kila kitu kina mahali pa kubonyeza kwamba umesahau."

"Fundi simu nimemuuliza hilo mpaka ameanza kunikimbia."

"Akasemaje?"

"Anasema simu unaweza kuirudishia mipangilio ya mwanzo, paswedi ya zamani ikafutika, ukaweka mpya. Ila hiyo mpya ni ya nakala utakazotengeneza kuanzia hapo. Nakala ya zamani inabaki na paswedi yake ya zamani mpaka kiama. Hata waliotengeneza simu hawaifungui."

"Basi ungeirudishia hiyo mipangilio, ukatengeneza nakala mpya."

"Kutoka kwenye simu ipi, wifi? Simu imekufa. Nirudishie mipangilio maiti?"

Wifi akageuza kola ya shati. Alikuwa na sababu ya kuacha maswali. Hiyo nywila ya nusu nusu ilikuwa kazi ya mikono yake.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa mwisho wa ndoa, mke alikuwa anapekua simu ya mume, mume anapekua simu ya mke, na wote wawili wanajifanya hawajui. Wifi akaitwa kusuluhisha. Kule mahakamani, chumba cha kuhifadhia vielelezo kilikuwa na kufuli mbili na makarani wawili, kila mmoja na ufunguo wake, asiweze kuingia mmoja bila mwenzake. Wifi akaona dawa ndiyo hiyo. Nakala za simu zao zifungwe, kila mtu aandike nusu ya nywila, na wakati mmoja anaandika mwenzake aelekee ukutani, vidole masikioni asije akahesabu hata milio ya vitufe. Yeye mwenyewe alisimamia, macho kafumba.

Walianza na simu ya Sista. Ya Hamira haikufikiwa, maana ugomvi ulianza upya.

Mlango wa chumbani ulilia. Hamira alitoka amevaa fulana iliyopinduliwa, kope zina unga ambao hautoki hata aoge mara ngapi. Alikuwa mtu mnene wa mwendo wa taratibu, na wenzake kwenye tanuri la mikate ndio waliompa jina hilo la hamira, kwa vile alivyokuwa akiumuka kidogo kidogo kila mwaka.

"Nimesikia sauti," alisema. "Nikadhani naota."

"Hujaota," alisema Sista. "Habari za kuamka."

"Nzuri. Umekonda."

"Sikuja kupimwa uzito."

"Haya."

Akaketi ng'ambo ya meza. Sista akamweleza yote, haraka haraka, bila kumtazama usoni. Alipofika kwenye kikao cha kesho, Hamira aliacha kupiga miayo.

"Kwa hiyo wanakufukuza?"

"Wanasema nilikaa kimya. Nilijua jokofu ni bovu, nikaendelea kudunga, sikumwambia mtu. Fundi Mkuu kashika Kitabu, kaapa."

"Na kwenye hiyo nakala kuna sauti yake?"

"Ipo. Naikumbuka. Alinijibu palepale."

Hamira aliitazama kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na kisanduku kidogo cheupe kinachodai nywila. Alikitazama kwa muda mrefu mno kwa mtu anayetakiwa kuandika neno moja, na Sista akaona anavyomeza mate.

"Usiniambie umesahau," alisema Sista.

"Sijasahau."

"Kweli?"

"Sijasahau, nimekwambia."

Wifi akazima pasi. Mambo ya utaratibu yalimpa uhai kuliko chakula. "Kama mwanzo," alisema. "Wewe, wifi, unatangulia kuandika, kisha unaelekea ukutani, vidole masikioni. Halafu wewe mdogo wangu. Mimi nafumba macho."

"Dada, hii si mahakama," alisema Hamira.

"Ndiyo maana mliachana."

Sista aliandika nusu yake. Aliiandika bila kufikiri, vidole vinaijua njia. Akainuka, akageukia ukuta, akaziba masikio. Rangi ya ukuta ilikuwa imebabuka palepale ilipobabuka zamani. Alihesabu pumzi zake, akaguswa bega.

Nywila si sahihi. Ndivyo kompyuta ilivyosema, kwa herufi za adabu.

"Umekosea," alisema Sista.

"Labda wewe ndiye uliyekosea."

"Mimi? Neno langu nalijua hata usingizini! Rudia."

Wakarudia. Kompyuta ikakataa tena kwa adabu ile ile.

"Jaribuni Hamira atangulie," alishauri Wifi, jicho moja limefumbuka. Wakajaribu. Hamira akaketi, akainuka, Sista akamalizia. Ikakataa.

Hapo ndipo uchovu wa Sista ulipogeuka kuwa hasira. Alipiga meza mpaka simu tupu ikaruka.

"Unanikomoa!"

"Sikukomoi."

"Unanikomoa, Hamira! Tangu tuachane ulikuwa unaisubiri siku hii. Nije hapa nimechakaa, nikupigie magoti, halafu uandike upuuzi nirudi hivi hivi. Sema tu kwamba unataka nifukuzwe kazi!"

"Sista..."

"Usiniite Sista! Mimi si muuguzi wako!"

Hamira aliinamisha kichwa.

Sista alipangusa uso kwa kiganja. Fundi simu alimhakikishia kuwa kompyuta haichoki kukataa, unaweza kujaribu mpaka ukome mwenyewe. Basi akaketi tena, akaandika nusu yake polepole, akainuka kwenda ukutani. Lakini safari hii hakuziba masikio. Alikuwa amechoka hata kuinua mikono.

Akasikia kitufe kimoja kikibonyezwa. Kimoja tu, kile kikubwa cha kukubali.

Akageuka.

"Umebonyeza mara moja."

Hamira aliondoa mkono kwenye vitufe.

"Hamira. Hujaandika kitu. Umebonyeza mara moja tu."

"Ndiyo."

"Nusu yako iko wapi?"

Mwanaume yule alikunja mikono yake minene juu ya meza. Alionekana kama mtu aliyekamatwa, na pia kama mtu aliyetua mzigo.

"Haipo," alisema. "Haijawahi kuwepo. Siku ile uliandika yako, ukaelekea ukutani. Mimi nikakaa pale, nikabonyeza cha kukubali. Kompyuta ikataka turudie, tukarudia, nikafanya vile vile. Sikuandika hata herufi."

"Kwa nini?" Aliyeuliza ni Wifi, kwa sauti ya mtu aliyevunjiwa heshima. "Mbele yangu?"

"Dada, nilikuwa nimetoka kazini, kichwa kinauma. Nilijua nikiandika kitu nitakisahau. Halafu nikawaza, simu ni yake, mambo ni yake. Siku akiitaka aifungue mwenyewe, asinihitaji mimi."

Sista aliliendea kochi. Akaketi.

"Na majuma yote haya? Nilikutumia ujumbe kwa simu ya kuazima, nikakuomba hiyo nusu yako. Ukanijibu kwamba mambo hayo hayaongeleki kwenye simu, nije mwenyewe."

"Ndiyo."

"Ungeniambia tu kwamba hakuna kitu!"

"Ningekwambia," alisema Hamira, anaitazama meza, "usingekuja."

Kulikuwa na gari linarudi nyuma barabarani, linalia pii, pii, pii. Sista alitaka kumtukana. Alitafuta tusi la kumfaa akalikosa, na kilichompanda kifuani badala yake kilikuwa huruma, kitu ambacho hakukileta na hakukihitaji. Alikasirika zaidi kwa ajili hiyo.

Wifi ndiye aliyezinduka kwanza.

"Ngoja kidogo," alisema. "Kama huyu hakuandika kitu, basi nywila yote ni ya wifi peke yake."

"Ndiyo," alisema Hamira.

"Na wifi ameiandika, na kompyuta imeikataa."

Sista alikitazama kile kisanduku cheupe.

"Basi aliyesahau," alisema Wifi, taratibu kama anayesoma hukumu, "ni wewe, wifi."

Neno hilo lilimwingia Sista vibaya. Majuma mazima alikuwa amemlaani mtu mmoja tu kwa kusahau, akimwaza amekaa juu ya ile nusu kama kuku juu ya yai. Hakuwahi hata siku moja kujiuliza juu ya nusu yake mwenyewe.

"Haiwezekani," alisema. "Neno langu ni moja maisha yangu yote. Natumia hilo hilo kila mahali."

"Lile la chanjo na mwaka wako wa kuzaliwa?" aliuliza Hamira.

Sista akamgeukia. "Umelijuaje?"

"Si nilikuwa napekua simu yako."

"Mshenzi wewe."

"Na ulijua kwamba nalijua, maana ulinifumania. Sasa hebu fikiri. Mimi nimekaa hapo ng'ambo, tumegombana wiki nzima. Ungeandika neno ninalolijua?"

Asingeandika. Hilo Sista aliliona wazi. Siku ile alikuwa na hasira inayochemka, na mtu mwenye hasira haandiki neno la kila siku. Alifumba macho. Akajirudisha kwenye kochi hili hili, mwanaume huyu huyu mbele yake, Wifi pembeni kafumba macho kama mlokole. Alikuwa amemtazama mumewe akawaza: nitaandika kitu ambacho hata ukikesha hutakibahatisha, kwa sababu hujui kwamba ninakijua.

Damu ikampanda usoni.

"Nini?" aliuliza Hamira.

"Tokeni nje."

"Hii ni nyumba yetu, wifi," alisema Wifi.

"Basi elekeeni ukutani."

"Utaratibu unasema mmoja ndiye..."

"Wifi!"

Wakaelekea ukutani wote wawili, dada na mdogo wake, bega kwa bega. Sista akaandika. Akabonyeza.

Kisanduku cheupe kikapotea. Mstari mwembamba ukatokea, ukaanza kujaa kutoka kushoto.

"Imekubali," alisema, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Wifi alipiga makofi. Hamira alicheka kicheko kile chake cha tumboni ambacho Sista hakuwa amekisikia tangu aondoke na masanduku yake. Halafu Hamira akauliza swali ambalo mwanaume mwenye akili angeliacha.

"Lilikuwa neno gani?"

"Halikuhusu."

"Si tumeshafungua? Sema tu."

Sista alichoka kuficha. Kuficha nako ni kazi.

"Mama Pazia," alisema.

"Nani huyo?" aliuliza Wifi.

"Muulize mdogo wako. Yule wa duka la mapazia, aliyekuwa anakwenda kwake kila Jumamosi na kurudi ananukia uturi."

Hamira alibaki mdomo wazi. "Mama Pazia? Kwa hiyo ndiyo sababu uliondoka?"

"Ulitaka sababu gani?"

"Ulinituma mwenyewe! Pazia la chumbani, ulisema lile refu halifai, rudisha. Nikarudisha. Ukasema rangi siyo, rudisha. Nikarudisha. Yule mama ana umri wa mama yangu, ukiingia tu dukani anakupulizia uturi mwili mzima, anasema ni wa kuvutia wateja!"

"Ni kweli," alisema Wifi. "Hata mimi kanipulizia."

Sista aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Angeweza kucheka. Angeweza kulia. Alilaza kichwa nyuma ya kochi, akafumba macho, na kitu kikubwa kilichokuwa kimemkaa rohoni muda wote ule kikaonekana kuwa pazia. Hakuwa na nguvu ya kukifikiria. Kesho ipite kwanza, hayo mengine baadaye.

Mstari ulijaa taratibu. Wifi alileta chai. Hamira alisinzia akiwa ameketi, kidevu kifuani, na Sista akajikuta anamsogezea kikombe kisije kikamwagikia. Nje jua lilianza kulegea.

Simu tupu ikawaka. Ikaomba radhi kwa kuchelewa, ikajizima, ikawaka tena, na picha yake ya zamani ikatokea kwenye kioo. Majina yakarudi. Kisha zikarudi jumbe, za wauguzi wenzake, za wagonjwa, na za Fundi Mkuu.

"Hii hapa," alisema Sista. "Wifi, hii hapa!"

Hamira akashtuka usingizini. Wakamzunguka wote wawili. Sista akabonyeza.

"Sista," ilisema sauti ya Fundi Mkuu, nzito, ya mtu anayetafuna, "nimekusikia kuhusu jokofu. Usiandike kwenye daftari kwamba joto limepanda, wakaguzi wako njiani, utatuletea balaa. Andika joto la kawaida. Wewe endelea kuchanja, nitapita nilitazame."

Wifi alipiga paja. "Kwisha kazi! Hiyo ni kukiri kosa kwa mdomo wake mwenyewe. Kesho kaa kimya, weka simu mezani, bonyeza, basi. Hata mimi nitakuja nisikie."

Sista alikuwa anatabasamu, tabasamu la kwanza kwa muda mrefu, na mashavu yalimuuma kwa kutolizoea. Dole lake lilikuwa bado juu ya kioo. Ndipo alipoona kwamba chini ya sauti ile kulikuwa na nyingine, fupi, upande wa kulia.

Upande wa kulia ni wake.

Hakuikumbuka. Alijaribu kuikumbuka, kweli alijaribu, akaona tu foleni, glavu, mtoto mmoja akiondoka na mwingine akiwekwa mezani.

Akaibonyeza.

"Sawa, Fundi," ilisema sauti yake mwenyewe, imechoka, ina haraka. "Naandika la kawaida. Ila uje kweli."

Na nyuma ya sauti hiyo mtoto alikuwa analia, kilio kile cha mtoto aliyetoka kudungwa sasa hivi.

Wifi aliondoa mkono kwenye paja. Sista alibonyeza tena, kana kwamba safari hii angesema kitu kingine. Alisema kile kile.

"Nilikuwa nimechoka," alisema. Hakuna aliyemuuliza. "Walikuwa wengi. Nilikuwa nimechoka tu."

"Najua," alisema Hamira.

"Nilisahau, Hamira. Naapa. Nimekuja hapa kutafuta sauti yake, sikujua yangu imo."

Wifi alikohoa. Alizungumza kwa upole ambao hakuuzoea.

"Kielelezo huletwa chote, wifi. Ukileta kipande, wakigundua, hata kile cha kweli hawatakiamini."

"Naweza kuifuta hii moja."

"Unaweza."

Sista aligandamiza dole juu ya sauti yake. Kioo kikauliza kama anataka kuufuta ujumbe huu. Neno la kukubali lilikuwa jekundu. Hamira na dada yake hawakusema futa, wala hawakusema usifute. Walimwachia mwenyewe, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Simu ikatetemeka mkononi.

Ulikuwa ujumbe mpya, umeingia sasa hivi. Jina juu yake lilikuwa la Fundi Mkuu.

"Naona umerudi hewani, Sista," aliandika. "Kwa hiyo simu imepona. Hongera. Basi kumbuka na mimi sauti yako ninayo, nimeitunza. Kesho ukinyamaza, nami nitanyamaza. Watakupa onyo tu, nimeshaongea nao. Ukifungua mdomo, tunazama wote, na wewe ndiye uliyeshika sindano."

Hamira aliusoma juu ya bega lake. "Mungu wangu," alisema.

Sista aliuacha ule ujumbe wake mwenyewe bila kuufuta, wala hakuamua kutoufuta. Akakaa wima kwenye kochi. Akavuta pumzi, akasogeza simu mdomoni, akabonyeza kitufe cha kurekodi, na mstari mwekundu ukaanza kutembea.

"Fundi," alisema, "mimi nimechoka. Kwa hiyo nisikilize vizuri."